Ngazi za Baryła

Hawakuniambia kuhusu ngazi.
Waliniambia kilo sitini na mbili,
waliniambia miaka sita, au tisa, meno yake hayakubaliani,
na kwamba alilinda vyuma chakavu nje ya Białystok
kwa mnyororo wa hatua nne,
na mwenye vyuma alipokufa
ilipita wiki kabla mtu hajatambua
kwamba kinachogongagonga kule si mabati.

Nilitia sahihi mara tatu.
Jagna wa makazi ya mbwa akanikabidhi
ukanda wa shingo mpana kama mshipi wa askari.
Anaitwa Baryła, akasema, yaani pipa,
lakini si debe tupu: hutamsikia.

Katika gari la mpwa wangu alipumua tu
na vioo vyote vikafunga ukungu.
Tulifika nyumbani kwa kukisia.

Kisha mlango wa jengo. Kisha ngazi.
Akakitazama kidato cha kwanza
kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.
Dunia yake yote ilikuwa tambarare,
hatua nne huku, hatua nne kule;
juu haikuwamo katika hesabu.

Nilivuta. Nilisukuma. Nilibembeleza kwa soseji:
soseji akaila, ngazi akazikataa.
Ghorofa ya tatu, vidato hamsini na vinne.
Nikapanda peke yangu,
nikashuka na godoro.

Mgeni siku mbili.
Ya tatu ilitukuta bado chini ya masanduku ya barua,
mimi na koti langu, yeye na mgongo wake,
na nikiri, mgongo ulishinda koti.
Majirani walituruka kwa adabu.

Usiku wa nne Bwana Zenobiusz wa chini,
yule wa matangazo kuhusu baiskeli na vipande vya sigara,
alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia.
Bi Leokadia, unakoroma.
Si mimi.
Akamtazama Baryła muda mrefu.
Miaka thelathini na mmoja, akasema,
dirisha langu linatazama mapipa ya taka.
Wewe huko juu unaona nini?
Machweo, nikasema. Na mnara wa kanisa, nusu.
Akajikuna kidevu.
Nipe machweo.

Tulihamishana Jumamosi.
Cherehani yangu ikashuka, vitabu vyake vikapanda,
ofisi ya nyumba itajua ikijua.
Baryła alilala katikati ya mlango
akatulazimisha sote kuruka, hata kabati.

Basi sikiliza.
Desemba, narudi dukani na mkate,
mlango uko wazi, mbwa hayupo.
Barabarani, theluji haina alama.
Ngazini, manyoya. Kidato, na kidato,
na mate kidogo kwenye kona ya ghorofa ya pili
alipopumzika, nadhani, akajiuliza.

Hamsini na vinne.
Zenobiusz anakaanga ini kwa vitunguu,
na dirishani kwangu, yaani kwake,
kidevu kimelazwa kwenye kizingiti,
kichwa kile kikubwa kinatazama nyekundu ikizama.

Kumbe anaweza, nikasema.
Anaweza, akasema Zenobiusz. Nyumba sirudishi.

Kisha Baryła akafika ukingoni, akaangalia chini,
na miguu yote minne ikaanza kutetemeka.
Mchongoma ameupanda; ngoma sasa ni yetu.

Tulimshusha kwa pazia,
mahameli ya kijani ambayo mteja hakurudi kuichukua,
mpwa wangu pembe moja, Zenobiusz nyingine,
mwanafunzi wa ghorofa ya pili akilalamika goti,
nami nyuma, nikishika upande wa mkia.
Yeye chali, anatazama dari zikipita,
mtulivu kama bwana harusi.

Pazia sikulirudisha sandukuni.
Linaning'inia msumarini, juu, karibu na mlango wa Zenobiusz.
Kesho ana ini tena.