Bei ya Mbuzi Wanne

Duka la Hirji lina kioo kimoja tu kisichoshika vumbi,
na chini yake kalamu tatu zilikuwa zimelala chali
kama wagonjwa wa daraja la kwanza.

Nilikuwa na malimbikizo ya mshahara kwenye bahasha
na nia ya kununua tangi la maji, lita elfu.
"Usijaribu kwa saini," Hirji akaniambia. "Saini huongopa,
mkono umeshaikariri. Andika jina refu la mtu unayemheshimu."
Nikaandika la bibi yangu: Sechelela binti Chidumizi.
Ya kwanza ilikwaruza, kuku anatafuta punje.
Ya pili iliteleza mno, ikafika kwenye nukta kabla yangu.
Ya tatu, nyeusi, nibu ya dhahabu, nzito kidogo mkiani,
ilinisubiri. Niliposita kwenye *Chi* nayo ikasita.
"Laki nne na nusu," akasema, akaangalia barabarani.

Kaka yangu Ndahani alihesabu kwa vidole:
mbuzi wanne, na wa tano paja.
"Mbuzi huzaa. Hiyo itazaa nini?"

Dodoma si mji wa wino.
Julai upepo hushuka Mlimwa na mchanga mdomoni;
acha kifuniko wazi kwa muda wa kuitikia *mbukwa* moja,
nibu imekauka kama koo la mfungaji.
Na karatasi za serikali hunywa wino
kama shamba linavyonywa mvua ya kwanza,
bila adabu, hadi upande wa pili.

Jumanne maji yakitoka, kikombe cha kwanza si cha chai.
Navuta, nasukuma. Maji baridi, sabuni hapana.
Wingu la buluu, wingu dogo zaidi,
kisha hakuna wingu, kama anga letu tangu Mei.
Naikausha kwa kipande cha khanga
kilichobakiwa na neno moja la usemi wake: *jirani*.
Binti yangu alisahau siku moja kikombe ni kipi,
akaenda shule na ulimi wa buluu.

Na haiazimwi. Nimemnyima hata mkuu wa idara.
Ofisini kwetu, masijala ya ardhi,
ya umma imefungwa kamba kwenye mguu wa meza.

Ndipo akaja Mbeleje wa Hombolo,
shamba la zabibu, ekari moja na robo, hati tayari.
Nikamsogezea pedi ya wino.
Akaitazama kama sahani ya mtu mwingine.
"Nimesoma ngumbaru miaka miwili, mama. Dole langu limestaafu."
Ya kwenye kamba ilikuwa imekufa tangu asubuhi.
Akanyoosha kiganja. "Hiyo yako."

Aliandika kama anayepalilia,
kila herufi na nguvu za bega zima.
Herufi saba. Nilisikia nibu ikilia kwenye *b*,
nikakaza meno, nikaangalia feni.
Nukta ya *j* aliipigilia.
Kisha akaupulizia wino polepole,
kama mtu anavyopoza uji wa mtoto,
akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo meno ya nibu hayakutani sawasawa.
Hirji ameitazama kwa lenzi:
elfu thelathini, atairudisha ilivyokuwa.
Nilimwambia nitapita mwisho wa mwezi.
Miezi minane sasa.
Mstari umenenepa, umelowa,
mkuu wa idara analalamika kwamba barua zangu zinasomeka kinyume nyuma ya ukurasa,
na kila nikishuka kwenye *j*
mkono unavutwa kidogo kulia,
upande ambao mimi sikuwahi kwenda.

Leo Jumanne.
Nimeifungua, nimeilaza juu ya *jirani*,
kikombe kiko chini ya bomba.
Bomba linakohoa hewa tu.