Kopo la Mafuta

Toledo, mwaka wa arobaini na tatu.
Mama hakumwaga hata tone:
mafuta ya kikaangio aliyachuja kwa kitambaa,
akayagandisha koponi.
"Yanakwenda kuwa baruti," alisema Bwana Stahlke wa buchani,
akipangusa mizani, akihesabu senti nne.

Sukari ilikuwa kijiko, tena cha kukwanguliwa.
Kadi ya viatu tulikuwa nayo, viatu hatuna.
Vyangu Lurline alivivaa shuleni,
Jumapili vikanirudia na kokoto zake ndani.

Jumamosi moja sinema ikatangaza:
leta kopo, ingia bure.
Tukaketi roshani, walikotupangia sisi weusi,
tukingojea vikatuni.

Kwanza habari.
Ndege zikafungua matumbo,
na mji nisioujua jina ukaanza kuchemka.
Mtangazaji alikuwa na sauti ya muuza sabuni.
Watu wakapiga makofi, nami nikapiga,
hadi Lurline aliponiinamia sikioni:
"Hayo ndiyo ya kwetu?"

Vikatuni vikaja. Tukacheka, kidogo.

Nyumbani tulimkuta Mama anakaanga.
Lurline, aliyeshinda na njaa,
akasema ameshiba.