Namba Thelathini na Moja

Juni, mvua ndefu imechoka.
Taa tumeiunga kwa betri ya pikipiki,
na shuka la arusi la Apondi
(hajui, bado)
tumelitandaza ukingoni mwa mafunjo ya Dunga.

Visubi wa ziwani walitangulia,
wengi hata uji wa Ogweno ukawa mweusi.
"Nyama hiyo," akasema, akanywa.

Saa saba usiku ndipo nondo wakaja:
huyu rangi ya jivu la mkaa,
yule kijani kichanga,
kisha mmoja mwenye macho mawili mabawani,
akatua kwenye trei ya mayai, akatulia
kama mgeni aliyeoneshwa kitanda.
Kitabu hakimjui.
Nikaandika: 31, jina baadaye.

Baadaye kukapambazuka.
Ogweno akashika zamu yake ya ndege:
korongo wawili, mdiria,
na mlio ndani ya mafunjo tusioafikiana.
Nikainama kuzima taa.

Kurumbiza akashuka,
akatutazama kwanza,
akala mwili, akatuachia bawa.
Jicho lake bado limekodoka.

Ogweno hakucheka.
Alilamba ncha ya penseli:
"Kurumbiza, mmoja.
Ameshiba."