Dirisha

Juni, Tukuyu. Ukungu umekaa juu ya bati
na tovuti ya ushirika wa chai imesahau kujumlisha kilo.

Ambokile aliiandika miaka kumi na mitano nyuma,
akaenda zake Makambako kuuza mbao.
Aliacha mafaili kumi na saba kwenye foleni,
kila moja likiegemea mgongo wa lililotangulia,
na katikati, maelezo ya mkono wake:
"Usihamishe mstari huu. Sijui kwa nini."

Sikuuhamisha.

Nilileta langu, faili jipya, moduli,
lenye adabu za siku hizi:
linataja kwa jina kila linachoagiza,
linataja kwa jina kila linachotoa,
kilichobaki ni siri ya nyumba.
Nikalipachika mkiani mwa yale kumi na saba.

Nikabonyeza kitufe. Kimya.
Kisha maandishi mekundu: *jumlisha haijulikani.*

Haijulikani! Nimeiandika mimi, jana usiku,
vidole vimekufa ganzi,
jiko la mkaa limebaki majivu!

Nje, Bi Anyosisye ana stakabadhi tatu zilizolowa.
Anagonga kioo cha karani kwa ukucha:
"Mwanangu, daftari si hilo hapo naliona? Nisomee."
Karani anakunywa chai. Dirisha limefungwa.
Kila kitu kimo ndani, na hakuna kitu.

Nikaacha kuandika.

Ukurasa wa zamani haupigi hodi mlangoni.
Husimama nje, ukachungulia dirishani;
kisichowekwa pale, kwake hakijazaliwa.
Na moduli ina kuta.

Mstari mmoja, basi:
*jumlisha ya dirishani ndiyo jumlisha ya ndani.*
Upenyo wa kupitisha sahani, si zaidi.

Bado faili la kumi na saba likaita mapema,
maana moduli hungoja ukurasa usomwe wote
ndipo inyanyuke, kama bibi harusi.
Nikaliambia kongwe: subiri uitwe.
Likanung'unika, likasubiri.

Mbachao sikuuacha. Niliutia kiraka.

Saa tisa karani akafungua kioo, akasoma:
kilo mia mbili na kumi na nne.
"Hiyo niliijua tangu kwenye mzani," akasema Bi Anyosisye,
"nilitaka kusikia kama na nyie mnaijua."

Chini ya maneno ya Ambokile nikaongeza yangu:
"Na huu usihamishwe. Kuna mtu nje."