Kiwanja Namba Kumi na Saba

Barua hufika kabla ya nyumba.
Nimebeba bili ya maji ya mlango ambao bado
ni kigingi chenye utepe wa waridi,
nikaitia katika kisanduku cha bati, kimoja kati ya arobaini
vilivyopangwa mwanzo wa barabara
kama meno mapya kinywani mwa mzee.

Hapa Corliss, watu elfu tisa na ghala moja la nafaka,
tulizoea kupaita kwa Haskamp, basi.
Sasa pana lango la mawe lisilo na ukuta.
Waweza kulizunguka, hakuna atakayekuuliza,
lakini kila mtu hupita langoni.

Nyumba ni za aina tatu: gereji kulia, gereji kushoto,
na ile yenye kibaraza ambacho kiti hakienei.
Nyasi zililetwa na lori, zimekunjwa kama mikeka,
zikatandikwa juu ya udongo mweusi
alioulima Orville Haskamp miaka hamsini na miwili.
Juni hii, mbele ya nyumba ya daktari wa meno,
umechomoza mche wa mahindi.
Jumamosi anaufyeka.
Alhamisi nakuta mwingine.

Marisela Ontiveros alipewa funguo mwezi Machi.
Miaka kumi na moja, zamu za usiku, kiwanda cha nguruwe;
mkono wake wa kulia haufungi ngumi tena.
Alinishusha chini kunionyesha chumba cha wanawe:
zulia, vitanda viwili, harufu ya rangi.
Aprili ikanyesha.
Maji hayakubisha hodi. Yalipanda kutoka chini,
taratibu, kama mtu anayerudi kwake.

Kampuni ilituma kijana mwenye kompyuta.
Ikatuma pampu. Ikatuma barua,
niliileta mimi,
kwamba mvua si kosa la mjenzi.

Orville nilimgusia tu, katika kupiga soga,
nikimkabidhi gazeti pale fletini nyuma ya duka la dawa.
Hakujibu. Alitafuta buti zake.

Alisimama barabarani, akaugeukia mnara wa ghala,
akafumba jicho moja, akaanza kuhesabu hatua,
akikatiza nyua za watu bila kuomba radhi,
mia na kumi, mia na kumi na moja,
hadi ubavuni mwa namba kumi na saba.
"Baba aliyalaza hapa. Mabomba ya udongo,
mwaka niliozaliwa. Futi nne. Chimbeni."
Ilikuwa nne na nusu.
Msingi wa nyumba ulikuwa umelipasua bomba,
nalo likibubujika maji safi, ya baridi,
yasiyo na habari kwamba shamba limeuzwa.

Sitasema walikuwa marafiki.
Marisela alimpa kahawa, akainywa wima,
buti zake juu ya gazeti asije akachafua sakafu,
macho kwenye dirisha la jikoni.
Kisha akauliza nyumba wameinunua kwa bei gani.
Alipotajiwa, akaweka kikombe chini
akacheka, akacheka hadi akakohoa:
nyumba hii moja
ilizidi alicholipwa kwa shamba zima.
Marisela naye akacheka, sijui kwa nini.
Deni lake ni la miaka thelathini.

Jana nimekuta bahasha arobaini katika sanduku la posta,
mwandiko wa kutetemeka, stempu hakuna hata moja.
Ndani ya kila moja, ramani ya penseli:
bomba linapita hapa, linakata hapa, usichimbe hapa.
Sheria inasema zirudi kwa aliyezituma.
Nimezigawa zote,
hata kwa vigingi.