Ng'ombe Namba Kumi na Nne

Huku kusini mwa Brazili homa ya kupe huitwa Huzuni.
"Ana Huzuni," husema wachungaji, wala si fumbo:
ng'ombe ameinamisha shingo, mkojo mwekundu,
na asubuhi ya tatu anachimbiwa.

Baba yangu, Adelar, alikuwa mtu wa josho.
Aliwasukuma mmoja mmoja ndani ya dawa
mpaka zikabaki pembe na pua,
akarudi nyumbani ananuka hata mkate haukulika.
Miaka minne dawa ikaua.
Wa tano, kupe nao wakawa wanaoga tu.

Mimi nimeajiriwa kupasua kupe.
Kisu changu chembamba kuliko ukope.
Utumbo nautandaza juu ya kioo
kama dobi anavyotandaza hariri ya watu.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema;
hawakusema kwamba naye ana nguo ya ndani
ambayo anayenyonywa hajapata kuiona.
Hiyo ndiyo tuliyoiiba.
Tukaidunga shingoni, chembe tu,
damu ikaitazama, ikaweka kinyongo.

Sasa kupe akija na mdomo wake
anakunywa kinyongo.

Saa kumi na moja alfajiri, baridi inang'ata vidole,
mimi na Zuleica tumepiga magoti zizini
tunaokota walioanguka usiku.
Chini ya waliochanjwa: wadogo, wekundu,
kama kalamu zilizovuja mfukoni.
Chini ya Kumi na Nne: zabibu, zabibu, zabibu,
za kijivu, zimeshiba hadi kung'aa.
Yeye alidungwa mafuta matupu.
Lazima awepo asiyepewa, ili waliopewa waaminike.
Zuleica hamwiti kwa namba. Humwita Garoa,
Manyunyu, humkuna nyuma ya sikio,
kisha huandika: mia mbili na sita.

Bwana Orestes, mwenye shamba, ameegemea lango.
"Inaua wote?"
"Hapana."
"Nusu?"
"Zaidi kidogo. Na wanaopona, mayai yao haba."
Anafyonza chai yake chungu mpaka kibuyu kinakoroma.
"Binti wa Adelar, ng'ombe wangu ni wa leo.
Hesabu yako ni ya mwakani."

Ni kweli. Nimefunga daftari.

Josho la baba limejaa mvua na vyura.

Leo Garoa ameinamisha shingo.
Zuleica amechuchumaa nyuma yake,
hasemi kitu,
kopo jeupe mkononi,
anangoja akojoe.