Daftari la Katibu wa Timu

Jalada limeliwa na mchwa, ila mistari yasomeka:
mwaka wa sitini, Chuo cha Ualimu, Wete.
Mechi saba. Tumefungwa tano.

Viatu tulikuwa navyo jozi nne.
Massoud Ngwali kavaa cha kulia, mimi cha kushoto,
na kila mtu akipiga kwa mguu wake uliovishwa.
Mpira wa ngozi, wa kamba; ukinyeshewa
huwa mzito kama fenesi,
na aliyeupiga kichwa
hulala na chapa ya kamba kwenye paji.

Chake tulikwenda na lori la karafuu,
tukarudi na harufu yake na mabao sita.
Maalim Tumu hakugomba. Alisema tu:
"Kesho hesabu ni za kutoa."

Mwezi wa tisa Faki, mfungaji wetu,
kaitwa kwao Mtambwe kuchuma.
Tukacheza kumi.
Siku hiyo ndiyo tuliyoshinda,
na Faki mpaka anazikwa
hakupenda nilisimulie.

Ya mwisho ilikuwa bao kwa bao.
Mkubwa Sheha akabutua, mpira ukapaa,
ukazama mikarafuuni.
Tukausaka, sisi na wao na refa,
tukipekua majani kama tuliodondosha pete,
hata ikaadhiniwa Magharibi.

Mbele ya mechi hiyo katibu hakuandika kitu.
Katibu nilikuwa mimi.
Kalamu ninayo, na jicho moja bado laona,
lakini niandike nini?
Mechi haijesha.